Ukilipwa kwa kikaratasi machimboni, fanya hivi jasho lako ligeuke hela

Hii nawaandikia vijana wanaopandia basi pale Nanenane Dodoma kwenda kutafuta maisha machimboni, awe anaelekea Winza kule Mpwapwa, Londoni ya Manyoni au Sekenke na Shelui upande wa Iramba, na nawaandikia pia wake na wazazi wanaobaki nyumbani wakisubiri meseji ya M-Pesa iingie. Kambi nyingi zinalipa taslimu au kwenye simu, hizo leo sizizungumzii. Nazungumzia zile ambazo ukifika kazi ipo, maji yapo, ugali upo, ila siku ya malipo hupewi noti ya Benki Kuu, unapewa kikaratasi chenye mhuri wa kampuni au wa mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, wengine wanakiita kuponi wengine chiti, na kinapokelewa duka moja tu, na mara nyingi duka lenyewe ni la bosi huyohuyo au la ndugu yake.

Kabla hujashika sururu weka hili kichwani: kikaratasi hicho ni deni. Wewe umeshatoa jasho, mwenzako hajatoa hela, ametoa ahadi. Ukikiona kama hela utakikunja mfukoni uendelee na mambo yako, ukikiona kama deni utaanza kuuliza maswali ambayo kila anayemkopesha mtu anauliza, yaani anayedaiwa ni nani, kiasi gani, atalipa lini, na asipolipa namshika wapi. Mengine yote ninayoyaeleza humu yanatokea hapo.

Mambo haya hayajaanza jana na hayajaanzia kwetu. Kuna visiwa vinaitwa Svalbard, mbali kabisa kaskazini mwa Norwe, kule baharini wakati wa baridi barafu inaziba njia na meli hazipiti, na watu walikuwa wanachimba makaa ya mawe kwenye mji wa Longyearbyen. Kampuni ya Store Norske iliyoanzishwa 1916 ilikuwa inatoa noti zake yenyewe, imeziandika jina lake, watu wakawa wananunulia mahitaji yao hapohapo kisiwani, na ikaendelea hivyo mpaka kufikia miaka ya 1980 hivi. Warusi nao walikuwa na kampuni yao ya makaa huko huko, Arktikugol, wenye migodi ya Barentsburg na Pyramiden, wakatoa hadi sarafu za kwao za mwaka 1946. Ukitazama sababu unaielewa, benki hakuna, fedha kutoka bara haifiki kwa wakati, na watu lazima wale. Hata hapa kwetu wakati wa vita ya kwanza ya dunia Wajerumani walipozibiwa bahari na Waingereza waliishiwa fedha, wakachapa noti za dharura Dar es Salaam kuanzia 1915, na mwaka 1916 wakatengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 kwenye karakana ya reli Tabora, na dhahabu yenyewe ilitoka Sekenke, hiyohiyo Sekenke ambayo vijana wetu wanaiendea leo.

Kwa hiyo sisemi kila kikaratasi ni wizi. Tofauti ninayoiangalia mimi ni moja tu. Noti ya Store Norske ilikuwa sawa kwa sawa na krona ya Norwe, krona moja ya kampuni kwa krona moja ya serikali. Upande wa pili ziko kambi za Chile kwenye jangwa la chumvi ya naitreti, wafanyakazi walikuwa wanalipwa vipande vinaitwa ficha, ukitaka kuvigeuza hela unakatwa, mwaka 1907 wakagoma wakateremka hadi mji wa Iquique, na moja ya madai yao ilikuwa ficha zibadilishwe kwa thamani kamili. Tarehe 21 Desemba mwaka huo jeshi liliwapiga risasi wakiwa wamekusanyika kwenye shule ya Santa María. Watu walikufa wakidai kitu ambacho wewe unaweza kukiuliza siku ya kwanza kabla hujaanza kazi, kwa hiyo kiulize.

Namna ya kuuliza ni muhimu maana ukienda kwa ukali utaonekana mkorofi na kazi utaikosa. Msimamizi mara nyingi ni mtu mzima, msalimie kwanza, halafu sema hivi: "Shikamoo mzee. Naomba nielewe kabla sijaanza. Hiki cha elfu kumi nikikileta Jumamosi nataka hela nzima, napewa elfu kumi? Na nikipata dharura nyumbani nikaondoka katikati ya mwezi, inakuwaje?" Halafu nyamaza usikilize. Akikutajia siku, mtu wa kumuona na kiasi, hapo kuna utaratibu. Akisema "ah, tutaangalia, wewe piga kazi kwanza", ujue utaratibu hakuna. Usiishie kwake tu, nenda kwa mama ntilie wa nje ya kambi umuulize kama anapokea vile vikaratasi na akipokea anavikata kiasi gani. Mama ntilie anajua kila kitu, maana yeye ndiye anayebaki navyo mkononi kampuni ikiyumba. Kama anakataa kabisa kuvipokea, hilo ni jibu kubwa kuliko maelezo yote ya msimamizi.

Kikaratasi chenyewe kikagueje

Kipokee mchana, kwenye mwanga, ukisome mbele ya anayekupa. Vingi ni karatasi ya daftari iliyokatwa vipande vinne, kiasi kimeandikwa kwa peni, mhuri wa bluu umegongwa pembeni na saini ya haraka juu yake. Unachotafuta ni jina kamili la kampuni au la mwenye leseni, sio "Bosi Mdogo" au jina la utani. Unatafuta namba, kila kikaratasi kiwe na namba yake ambayo haijirudii. Tarehe. Jina lako. Kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, maana 5,000 ikiandikwa kwa tarakimu tu mtu anaweza kuongeza kitu mbele au wewe ukasingiziwa kwamba umeongeza, ila "elfu tano tu" haichezewi kirahisi. Na geuza nyuma usome kama kuna mwisho wa matumizi, zipo kambi zinaandika kitakwisha mwisho wa mwezi, yaani hela uliyoshaifanyia kazi inakufa tarehe 30 usiku. Cha namna hiyo mrudishie palepale umuombe aandike kingine kisicho na mwisho.

Kingine, wino wa mhuri ukilowa unatawanyika unabaki wingu la bluu, na wewe kutwa nzima uko kwenye jasho na maji ya shimoni. Usikiweke kwenye mfuko wa suruali ya kazi hata siku moja. Tafuta kopo dogo lenye mfuniko, liache sehemu unayolala penye usalama.

Piga picha pande zote mbili, namba ionekane vizuri, umtumie mtu wa nyumbani WhatsApp siku hiyohiyo, dada yako au mkeo, mwambie azihifadhi asifute. Simu inaweza kudumbukia shimoni au kuibiwa lakini picha iko Dodoma. Halafu uwe na daftari lako la shilingi mia tano, kila siku andika tarehe, kazi uliyofanya, kiasi mlichokubaliana, namba ya kikaratasi ulichopewa, na ulichochukua dukani. Mara moja kwa wiki kaa na wenzako wawili mlinganishe madaftari na kila mmoja asaini kwenye la mwenzake. Najua ukitoka shimoni umechoka mwili wote na kuandika ni mzigo, lakini dakika tano hizo ndio zinazoamua kama utasikilizwa mbele ya safari, maana mwenye kampuni daftari analo tayari na linasema anachotaka yeye.

Pima thamani yake dukani

Kikaratasi cha elfu kumi sio lazima kiwe na thamani ya elfu kumi. Chukua vitu vichache unavyonunua kila wiki, mfano kilo ya unga, nusu ya sukari, mafuta ya kula, kipande cha sabuni na vocha ya simu. Uliza bei zake duka la kambi, halafu siku ukipata nafasi panda boda mpaka kijiji cha karibu uulize vitu vilevile. Kijiji cha karibu nasema, usilinganishe na soko la Majengo pale mjini maana kufikisha mzigo porini kuna gharama na mwenye duka naye ana haki ya nauli yake. Tuseme kijijini vyote ni 6,000 na kambini ni 9,000. Basi elfu kumi yako ya karatasi inanunua vitu ambavyo kwa hela ya kweli vinauzwa elfu sita na mia sita na kitu, na huo ndio ujira wako halisi. Ndio uutumie ukiamua kama kazi hii inakulipa au bora urudi kulima zabibu za watu Hombolo.

Na hapo hujagusa kukatwa unapobadilisha. Ukiambiwa kila elfu kumi unapewa saba taslimu, kwenye wiki kumi za kazi umefanya wiki tatu bure, piga mwenyewe hesabu hiyo. Huko West Virginia na Kentucky, Marekani, wachimbaji wa makaa walikuwa wanapata vipande vya kampuni na wakitaka dola wanaviuza kwa hasara, vizazi na vizazi, mtu anazeeka mgodini akidaiwa na duka. Deni la duka ndilo linalomfunga mtu kuliko hata hicho kikaratasi. Anayekopa mwezi huu anatumikia mwezi ujao kulipa, kwa hiyo hata ukizidiwa usichukue kitu dukani kwa daftari kabla ya siku ya malipo isipokuwa chakula na dawa. Soda, sigara, bando za kuangalia mpira, hivyo vingojee.

Geuza vikaratasi kuwa hela mapema, na kidogo kidogo. Ukikusanya vikaratasi vya miezi mitatu ukitegemea kuvibadilisha siku moja, umempa bosi mkopo wa miezi mitatu bila riba na bila dhamana, na ikitokea duara limetema maji au dhahabu imekatika ataondoka navyo vyote. Kila siku ya kubadilisha ikifika, badilisha, hata kama huna shida na hela siku hiyo, halafu itume nyumbani palepale kwa wakala. Mtoto akidaiwa madaftari Chamwino, kikaratasi cha kambini hakimsaidii, mwalimu hawezi kukipokea. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwamba mtu anafanya kazi kweli, anakula kweli, lakini hawezi kutuma hata elfu mbili nyumbani kwa sababu malipo yake hayavuki geti la kambi.

Utakuta pia vijana wenzako wana shida wanakuuzia cha elfu kumi kwa elfu sita. Usinunue. Kina jina la mtu mwingine, siku ya malipo utaambiwa mwenyewe aje, na huyo mwenyewe ameshahamia machimbo mengine hana hata namba ya simu inayopatikana.

Sheria inasemaje

Kama wewe umeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kifungu cha 27 inasema ulipwe kwa fedha taslimu, mahali pa kazi, saa za kazi, siku mliyokubaliana. Ukikubali wewe mwenyewe, unaweza kulipwa kwa hundi au kuwekewa kwenye akaunti uliyoitaja kwa maandishi. Kikaratasi cha duka hakimo humo. Kifungu cha 28 kinazuia kukatwa ovyo, makato lazima yawe yameruhusiwa na sheria au amri ya mahakama na vitu vya namna hiyo, au uwe umekubali deni kwa maandishi, na kama ni bidhaa ulizochukua basi zitajwe ni kitu gani na ni kiasi gani. Kwa hiyo ukiona kwenye malipo imeandikwa tu "duka 85,000" una haki ya kusema naomba orodha. Na noti na sarafu za nchi hii mwenye mamlaka ya kuzitoa ni Benki Kuu ya Tanzania peke yake. Wenzetu Waingereza walipiga marufuku malipo ya bidhaa na vikaratasi kwa wafanyakazi wa kazi nyingi za viwandani na migodini tangu 1831, yaani jambo hili limeshaonekana baya kwa karibu miaka mia mbili.

Wengi machimboni lakini hawana mshahara, wanafanya kazi kwa mgao, mkitoa mzigo wa mawe viroba vinagawanywa, mwenye duara anachukua vyake, wachimbaji vyao, na gharama za chakula zinatolewa kwanza. Hapo kikaratasi kinakuwa ni rekodi ya chakula ulichokula kikisubiri kukatwa kwenye mgao. Kwenye mgao hatari iko kwenye hesabu ya gharama, siku ya mzigo unaambiwa mmekula sana hakuna kinachobaki. Dawa yake ni makubaliano ya maandishi kabla ya kushuka, asilimia za kila upande, gharama zipi zinatolewa, bei ya kila sahani ya chakula, na yapelekwe kwa mtendaji wa kijiji ashuhudie. Na mkishachenjua, yaani mkishatoa dhahabu kwenye mawe, uzieni soko la madini, Dodoma lipo na Singida lipo, kuna mizani na karatasi ya mauzo, kila mmoja anajua mzigo umepata shilingi ngapi. Na usikubali kuambiwa wewe ni wa mgao wakati unapangiwa saa, unasimamiwa na unapokea kiasi kilekile kila wiki, sheria inaangalia kazi ilivyo sio jina mlilopewa.

Ukiondoka, au kampuni ikifunga

Ukiamua kuondoka usiage kwanza. Badilisha vikaratasi vyote kwanza, halafu ndio uage. Wakikataa, omba kwa heshima waandike karatasi moja yenye jumla ya wanachokudai na wewe unachowadai, namba za vikaratasi zote zikiwa zimeorodheshwa, wasaini na kugonga mhuri, na mtu wa tatu ashuhudie. Usiwarudishie vikaratasi vyenyewe kwa ahadi ya kupigiwa simu. Kama mgodi umeuzwa, muulize mmiliki mpya mbele ya watu na mbele ya mtendaji kama ameyachukua na madeni ya wafanyakazi, na jibu liandikwe.

Isipowezekana nenda kwa Afisa Kazi, au fungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wengi wanaiita CMA, ofisi zake zipo mikoani Dodoma na Singida pia. Hulipii kufungua. Unajaza fomu namba moja, nakala unampelekea mwajiri na unabaki na uthibitisho kwamba ameipokea. Angalia sana siku: kama umefukuzwa kazi una siku 30 tangu ulipoachishwa, kama unadai malipo tu ni siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, na ukichelewa lazima uombe kwanza usamehewe kuchelewa, jambo ambalo linaweza kukataliwa. Watu wanapoteza haki hapa kuliko kwingine kokote, wanakaa kijijini wakiambiwa "wiki ijayo wiki ijayo" mpaka siku zimepita. Nendeni kwa pamoja kama mko kumi, mbebe madaftari, zile picha mlizotuma nyumbani na vikaratasi vyenyewe. Kwanza mtakaa kwenye usuluhishi, na mwajiri mwingi akiona karatasi zimepangwa kwa namba na tarehe analipa hapohapo.

Na wewe mwenye duara

Najua shida yako ni ya kweli, mtandao unakatika, wakala hana floti, na kubeba milioni kadhaa kwenye pikipiki porini ni kuhatarisha roho. Mshahara lipa kwa simu, hata kama inabidi ushuke mjini mara moja kwa wiki utume ukiwa huko, kila mtu anaona meseji yake. Vikaratasi vibaki vya chakula tu na viwe vya kiasi kidogo. Nunua kile kitabu cha risiti chenye nakala stationari, kina namba tayari, juu unampa mfanyakazi nakala inabaki. Bei za duka ziandike ubaoni kwa chaki mbele ya kila mtu na ziwe zilezile kwa anayelipa karatasi na anayelipa taslimu. Waruhusu mama ntilie wawili watatu wa nje wavipokee na wewe uwalipe thamani kamili bila kukata, hapo bei za duka lako zitajirekebisha zenyewe maana watu wana pa kwenda. Kila ukitoa cha elfu tano, elfu tano iweke pembeni kwenye laini ambayo huigusi kwa dizeli wala baruti. Jumamosi iwe siku ya kubadilisha, saa inajulikana, na vinavyorudi vichane mbele ya aliyeleta huku namba ikikatwa kwenye daftari. Ukiona mzigo unakatika na unafikiria kufunga, acha kutoa vipya, tangaza ubaoni na kwa mtendaji, na ulipe vikaratasi vyote ambavyo bado viko mikononi mwa watu kabla mashine ya kwanza haijapakiwa kwenye lori.